Eti "bagi" maana yake nini hasa?

Mdau wa Masasi: Wakuu mizani ya korosho hapa ghalani imezingua, fundi kaja kasema ni bagi tu. Hilo neno limetokea wapi?

Jibu 1: Ni "bug" ya Kiingereza mkuu, yaani mdudu, ila mafundi wanamaanisha hitilafu ya mashine au programu. 1947 huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kompyuta ya Mark II iligoma, kufungua wakakuta nondo (yule mdudu, sio za kujengea 😂) kanasa ndani, wakambandika kwenye daftari la kazi.

Jibu 2: Neno lilikuwepo zamani sana, Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, aliliandika kwenye barua 1878 akimaanisha vikasoro vya mitambo, ndo maana hao wa Harvard walitania kwamba safari hii kapatikana mdudu kweli.

Jibu 3: We mwambie fundi acheki betri kwanza.