Naomba ushauri: polisi kata anataka tuchague pa kuanzia

Wakuu, habari. Mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, wizi umezidi. Juzi usiku wameng'oa mita ya maji ya jirani, maji yakamwagika hadi asubuhi. Polisi kata, yaani askari aliyepangiwa kata yetu, ameitisha mkutano Jumamosi, anataka tuseme kipi kianze: wezi wa mita, vibaka wanaokaba kina mama alfajiri wakienda sokoni, au kijiwe cha bangi nyuma ya gereji. Mimi naona tuanze na wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mita zinaishia huko. Wazee wanataka ulinzi shirikishi, yaani vijana wa mtaa wafanye doria na kila kaya ichange. Nahofia sana vijana wa doria watapiga watu ovyo badala ya kuwafikisha kituoni. Kwenu mliofanikiwa, doria mliisimamiaje? Na michango alishika nani?