Otomatiki ikilala mlimani, kutoa P kunagonga "ko!"

Swali
Wakuu, gari otomatiki likipaki kwenye mwinuko, asubuhi gia inagoma kutoka P (gia ya kuegesha). Ikikubali inagonga "ko!" na gari linatikisika. Handibreki huwa inavutwa baada ya P. Giaboksi ndiyo inakufa?

Jibu 1
Giaboksi bado nzima mkuu, umekosea mpangilio tu. Ukiweka P, kidole cha chuma kinaingia kwenye gurudumu la meno lililo kwenye shafti inayotoka giaboksi. Ukiachia breki ya mguu kabla ya handibreki, gari linarudi sentimita chache na uzito wote unakilalia kile kidole. Handibreki ya baadaye haisaidii, gari limeshaegemea. Hiyo "ko!" ni kidole kinachomolewa kikiwa kimebanwa.

Simama kabisa, mguu kwenye breki. Peleka N (gia huru). Vuta handibreki ishike sawasawa. Achia breki ya mguu taratibu, gari liegemee handibreki. Likitulia, kanyaga tena, weka P, zima. Kuondoka: washa, kanyaga breki, toa P, handibreki iwe ya mwisho.

Likiteleza ukiwa N, usiishie kuweka P ukaondoka. Kebo ya handibreki imelegea au breki shuu (vibao vinavyobana gurudumu) zimekwisha. Tengeneza hilo kwanza. Na P isiwekwe gari likiwa bado linatembea: kidole kinarukaruka juu ya meno na kuyala ncha.

Jibu 2
Tairi pia. Pua ya gari ikitazama juu na kuna ukingo ulioinuka pembeni mwa barabara, kata tairi za mbele kuelekea barabarani. Ikitazama chini, zielekeze kwenye ukingo. Pasipo ukingo, zikate kuelekea pembeni, gari likitoroka liiache barabara. Kwa manyuali, ukitazama juu acha gia namba moja, ukitazama chini acha rivasi. Gia ya tano haishiki, gari linaizungusha injini kirahisi.

Jibu 3
Wengi wanaumia kwenye jeki. P inashika magurudumu yanayovutwa na injini tu. Gari la kuvuta mbele, ukiinua tairi moja la mbele, difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) inaliacha la hewani lizunguke huru, na P haishiki tena. Handibreki lazima, na kigingi (kabari ya kuzuia tairi) kwenye tairi za nyuma. Fobaifo (gari la kuvuta tairi zote nne) nayo: lever ndogo ya kuchagua mvuto wa tairi nne ikiwa N, P haishiki kitu kabisa.

Muulizaji
Kigingi kikae upande gani?

Jibu 3
Upande wa chini wa mteremko, kikiwa kimegusa tairi. Ukiacha nafasi, gari linapata mwendo na kukipanda.