Mdogo wangu kaitwa timu ya taifa ya magongo, klabu yake inapigania ubingwa wa ligi. Nimshauri nini?

Dada wa Mkuyuni:

Habari za jioni wanajamvi. Naandika nikiwa Mkuyuni hapa Mwanza, kichwa kimejaa. Mwenye uelewa wa mpira wa magongo anisaidie, na hata asiyeujua ila ana busara, karibu.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22, anacheza magongo Dar. Mchezo aliuanzia huku huku nyumbani. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na stiki sita ndani ya mfuko wa sandarusi, wakawa wanacheza kwenye uwanja wa changarawe. Stiki yake ya kwanza ilipasuka mpini, akauviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli na kuendelea nayo miaka miwili. Mpaka leo ipo nyuma ya mlango wa chumba cha mama.

Sasa yuko kwenye klabu moja huko Dar, ni beki, na kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na goli, anapiga yeye. Klabu inamlipia chumba na nusu ya ada ya chuo. Wiki iliyopita kaitwa kambi ya timu ya taifa, kuna mashindano nje ya nchi. Tarehe zimegongana na mechi mbili za mwisho za ligi yao, na wao wanaongoza kwa pointi moja tu. Kocha wa klabu kamwambia akiondoka sasa, msimu ujao asitegemee namba, na suala la chumba litaangaliwa upya.

Nilitegemea aruke kwa furaha ya jezi ya taifa. Badala yake akaniambia: "Dada, wachezaji wakubwa wa hoki duniani wenyewe wanathamini kombe la ligi kuliko medali. Kule Kanada na Marekani ukimwambia mtu achague, anachagua kombe." Akanitumia na video, mwanaume mwenye ndevu, meno ya mbele hana, analia huku kakumbatia kombe refu la fedha.

Je, ni kweli? Na kama ni kweli kwao, kwake inamhusu? Mama ameshawaambia wenzake wote wanaoanika dagaa Mwaloni kwamba mwanawe ataivaa Tanzania. Baba hatunaye, kwa hiyo neno la mwisho linaniangukia mimi. Nawasilisha.

Mwana wa Kamanga:

Dada, pole na majukumu. Mdogo wako hajadanganya, ila kachanganya michezo miwili. Hiyo video ni hoki ya barafuni, haihusiani na magongo ya nyasi anayocheza yeye. Nimefanya kazi Kanada miaka tisa, wale watu nimekaa nao.

Ligi yao, NHL, ilianza 1917, lakini kombe lenyewe, Stanley Cup, ni la zamani kuliko ligi. Lilianza kushindaniwa 1893. Kulipata ni kazi. Kila timu inacheza mechi zaidi ya 80 za msimu, kisha timu 16 zinaingia mtoano wa raundi nne, na kila raundi hupiti mpaka ushinde mechi nne. Yaani ushindi mwingine 16, miezi miwili, kila baada ya siku moja au mbili watu wanagongana kwenye barafu. Mwaka 2013 Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya mwisho ya fainali ubavu umevunjika na bega limetoka mahali pake, akaishia hospitali na pafu lililotoboka. Na walifungwa. Dhahabu ya Olimpiki alikuwa nayo tayari tangu 2010, na hilo kombe lenyewe aliwahi kulibeba 2011. Alikuwa analitaka tena.

Halafu halitengenezwi jipya kila mwaka. Ni lile lile, karibu kilo 16, na majina ya wachezaji wa timu iliyoshinda yanachongwa mwilini mwake. Kila mchezaji anapewa siku yake ya kukaa nalo. Analipeleka kwao, kwa bibi yake, kwenye shule aliyosoma. Ambaye hajawahi kulishinda haligusi hata likiwekwa mbele yake, ni mwiko. Ray Bourque alicheza misimu 21 bila kulipata. Msimu wa 22, mwaka 2001, akalipata, na akastaafu hapo hapo.

Kwa hiyo ndiyo, wengi wa kule ukiwabana watakwambia kombe kwanza.

Pasi Ndefu:

Mwana wa Kamanga umeeleza vizuri, ila hiyo ni nusu ya habari. Hao hao wanaolilia kombe ndio wanaodai ruhusa ya kwenda Olimpiki. NHL ilisimamisha ligi na kuwaachia wachezaji tangu Nagano 1998 hadi Sochi 2014. Mwaka 2018 ikakataa, na wachezaji waliumia sana. Wakalipigania mezani mpaka mkataba wao wa 2020 ukaitaja Olimpiki. Ya 2022 ikaharibiwa na Korona, wakarudi barafuni 2026 huko Italia. Kitu usichokithamini hukipiganii mkatabani.

Na wanatofautiana kwa walikozaliwa. Ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni unachezwa kila mwaka mwezi Mei, wakati mtoano wa NHL unaendelea. Kwa hiyo Mkanada anayekwenda kule kwa kawaida ni yule ambaye timu yake imeshatolewa, ndiyo maana kwao medali ile haina uzito. Mfini ukimwambia hivyo hatakuelewa. Mwaka 2022 Ufini walitwaa dhahabu ya Olimpiki mwezi Februari na ubingwa wa dunia mwezi Mei, nyumbani kwao Tampere. Wacheki nao, waulize habari za 1998, kipa wao Dominik Hašek alipowazuia Warusi fainali ikaisha 1 kwa 0. Hašek baadaye alipata Stanley Cup mara mbili na Detroit, lakini Mcheki wa kawaida atakusimulia Nagano.

Hata Kanada kwenyewe, Sidney Crosby ana makombe matatu, na bado goli linalotajwa zaidi katika maisha yake ni lile la Olimpiki ya Vancouver 2010, muda wa nyongeza, Kanada 3 Marekani 2.

Sangara Mbichi:

Dada mimi niseme wazi. Chumba na ada ndiyo maisha ya huyo kijana. Medali hailipi kodi Dar. Abaki amalize ligi, timu ya taifa itamwita tena.

Dada wa Mkuyuni:

Asanteni, nasoma kila neno. @Sangara Mbichi hilo la chumba ndilo linaloninyima usingizi. Mimi nauza dagaa na duvi, nikimlipia chumba Dar ada ya mwanangu wa darasa la sita inayumba. Lakini mkisema timu ya taifa itamwita tena, nani ana uhakika? Magongo si kama mpira wa miguu kwamba kila baada ya miezi miwili kuna mechi.

Kipa Mstaafu:

Naomba nizungumze kama mtu aliyedaka magongo miaka 14, Moshi kisha Dar.

Dada, una haki ya kuuliza nani ana uhakika. Hakuna. Mimi niliitwa mara mbili tu, na kati ya mwito wa kwanza na wa pili ilipita miaka minne.

Huku kwenye nyasi mambo ni kinyume na ya barafuni. Kilele cha magongo ni Olimpiki, kisha Kombe la Dunia, na hakuna kombe la ligi lenye utukufu wa lile la fedha la kwenye video. Uholanzi wana ligi nzuri. India walianzisha ligi ya kulipwa 2013, ikasimama baada ya 2017, ikarudi mwishoni mwa 2024. Lakini mkalishe Mhindi anayejua magongo, hatakutajia bingwa wa ligi wa mwaka wowote. Atakuhesabia dhahabu nane za Olimpiki, ya kwanza 1928, ya mwisho 1980. Atakwambia shaba ya Tokyo ilikuja baada ya miaka 41 ya kiu, na siku ile kipa wao, Sreejesh, alipanda akakaa juu ya mwamba wa goli. Niliitazama picha ile muda mrefu. Ukikaa chini ya ule mwamba miaka yote unazuia, unajua kwa nini mtu anaweza kutaka kuupanda.

Na sisi tulikuwepo Moscow, vijana wengi hawajui. Timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza magongo Olimpiki ya 1980. Timu zilikuwa sita tu kwa sababu ya mataifa kususia. India walitufunga 18 kwa 0, tukamaliza wa sita. Kuna wanaoona aibu kulitaja, mimi sioni. Waliokuwa uwanjani siku ile walikutana na mabingwa wa michezo ile, na walikutana nao wakiwa na bendera yetu kifuani. Majirani zetu Kenya walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la 1971 Barcelona, na watu wa magongo Nairobi bado wanaishi na habari hiyo.

Nimeshinda ligi mara tatu. Medali zake sijui ziko sanduku gani. Jezi ya taifa niliyoivaa nikiwa kipa wa akiba naijua iko wapi, na kila mwaka naifua mwenyewe kwa mkono, kwenye beseni, kwa sabuni ya mche, maana namba ya mgongoni imeanza kubanduka upande wa kushoto.

Aende.

Mtoto wa Mabatini:

Mzee wangu Kipa, heshima kwako, lakini tusimhukumu kijana kwa kupenda ligi. Mimi ni mtu wa Pamba, timu yetu ya mpira wa miguu hapa Mwanza, tangu nikiwa mdogo. Tulipopanda tena Ligi Kuu 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, nilimkumbatia mtu nisiyemjua barabarani, na sote tulikuwa tunalia. Taifa Stars ilipofuzu AFCON ya 2019 baada ya miaka 39 nilifurahi sana pia. Lakini Pamba ni watu ninaoonana nao kila siku. Ukifungwa unafungwa nao, Jumatatu mnakutana kwenye daladala. Inawezekana kijana haogopi chumba peke yake. Inawezekana anawafikiria wale kumi waliosota naye msimu mzima, na sasa wako pointi moja juu. Dada, umemuuliza hilo?

Dada wa Mkuyuni:

Sijamuuliza. Nitamuuliza leo.

Nyota ya Ilemela:

Dada mwenzangu, naongeza la wanawake, maana litasaidia kuona. Barafuni huko huko Kanada na Marekani, wanawake kwa miaka mingi hawakuwa na ligi ya maana ya kuwalipa. Wao kilele chao kilikuwa Olimpiki, tangu hoki ya wanawake ilipoingia 1998. Walifanya kazi nyingine mchana wakafanya mazoezi usiku, kwa ajili ya medali. Ligi yao mpya, PWHL, imeanza Januari 2024 tu. Kwa hiyo mchezo ni ule ule, nchi ni zile zile, kaka anasema kombe, dada anasema medali. Wanaume wana ligi ya zaidi ya miaka 100 yenye fedha, kombe na majina yaliyochongwa. Wanawake mashindano yao makubwa kuliko yote yalikuwa ya kila miaka minne, wakayapenda hayo. Mdogo wako asiazime jibu la mwanaume wa NHL. Ligi yake haimpi alichopewa yule.

Sasa la vitendo, kwa sababu mimi nimekuwa meneja wa timu ya netiboli na migongano hii nimeishi nayo:

Barua ya mwito ina tarehe ya kuripoti kambini na tarehe ya kusafiri. Hizo ni mbili tofauti. Akae aone mechi zipi hasa zinagongana na kambi, na zipi zinagongana na safari. Mara nyingi mchezaji anaweza kuomba aripoti amechelewa siku mbili akacheza mechi ya kwanza. Aombe kwa maandishi, kwa heshima, pande zote mbili.

Asiende kwa kocha peke yake. Aende kwa kiongozi wa klabu, na barua mkononi. Kocha akiwa na pointi moja mbele anaongea kwa hofu ya siku ile. Kiongozi anajua kwamba klabu yenye mchezaji wa timu ya taifa inaombea udhamini vizuri zaidi. La chumba walizungumze hapo, na jibu aliandike.

Aulize pia akiumia kambini au safarini nani anamtibu. Hili watu hulisahau, na beki anayepigwa mpira wa kona fupi gotini anaweza kukaa mwaka mzima.

Pasi Ndefu:

Nyota umemaliza. Hilo la kuripoti amechelewa ndilo ningeanza nalo.

Sangara Mbichi:

Nimesoma ya Kipa na ya Nyota. Bado naogopa la chumba, lakini kama kuna njia ya mechi moja na safari, aifuate.

Dada wa Mkuyuni:

Wanajamvi, nimerudi. Jana usiku nimeongea naye karibu saa nzima. Nilipomuuliza kuhusu wenzake alinyamaza, halafu akasema nahodha wao anastaafu msimu huu, ana miaka 36, hajawahi kushinda ligi. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa inamkaba. Nikamsimulia habari ya Bourque, akacheka kidogo, akaniuliza nimeijulia wapi.

Kisha akatafuta ile barua. Kambi inaanza Jumatano, mechi ya kwanza ni Jumamosi hiyo hiyo, safari ni Alhamisi inayofuata. Mechi ya pili ndiyo itakayompita, atakuwa ameshasafiri. Ameandika maombi ya kuripoti kambini Jumapili asubuhi, nimeyasoma, nimemrekebishia sentensi mbili. Kesho anampelekea kiongozi wa klabu, na huyo nahodha amejitolea kwenda naye. Amemwambia, "Wewe nipigie kona fupi Jumamosi, ya pili tutajua sisi."

Mama sijamwambia habari ya chumba. Kawagawia wenzake wa Mwaloni dagaa wa debe zima kwa furaha, sikuwa na moyo.

@Kipa Mstaafu nimemsomea ya kwako yote, mpaka ya beseni. Kaniomba niirudie ile ya Moscow. Shikamoo mzee wangu, na asante.

Kipa Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Ninayo stiki moja nzuri, haijapigwa sana, ipo kwa shemeji yangu Igoma. Atakwenda na moja tu kwenye mashindano? Ikivunjika afanye nini. Nitafute pembeni nikupe namba ya shemeji.

Dada wa Mkuyuni:

Nimekuandikia. Jumamosi nikitoka Mwaloni naipitia, Jumapili naipandisha basi la Dar pale Nyegezi.