Nimegawa 192.168.10.0/24 mafungu matatu, kompyuta nyingi hazipati intaneti

ChuoNet aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mtandao wa chuo kidogo cha ufundi. Ruta ni MikroTik. Kila kundi lina porti yake kwenye ruta na swichi yake ya kawaida, zile zisizo na mipangilio. Nina 192.168.10.0/24 (anwani 256) na nimeigawa hivi:

Kamera (ether2): 192.168.10.0/28, lango (anwani ya ruta) .1, kamera 13 kuanzia .2 hadi .14, kinasa cha picha .15
Ofisi (ether3): 192.168.10.16/27, lango .17, kompyuta 25 kuanzia .18 hadi .42
Maabara (ether4): 192.168.10.48/26, lango .49, kompyuta 50 kuanzia .50 hadi .99

Anwani zote zimeandikwa kwa mkono, DHCP (huduma ya kugawa anwani yenyewe) haijawashwa. Kwa hesabu yangu mafungu yamefuatana na hakuna linaloingia kwa jirani yake: 16, halafu 32, halafu 64.

Kinachotokea: kinasa kinaikataa .15. Ofisini, .18 hadi .30 zina intaneti, .31 na .32 Windows inazikataa kabisa, na .33 kwenda juu inatoa onyo kwamba lango haliko mtandao mmoja na anwani. Nikikubali, inahifadhi ila intaneti haiji. Maabara ni vilevile: .50 hadi .62 safi, .63 na .64 zinakataliwa, kuanzia .65 hakuna kitu. Halafu hata zile kompyuta za ofisi zenye intaneti haziwezi kufungua ukurasa wa kamera yoyote. Kebo zimepimwa zote, ziko sawa. Je, ruta ni mbovu? Na muhula ujao kuna Wi-Fi ya wanafunzi, kama simu 300.

PortiYaNne alijibu:

Mkuu, ruta ni nzima. Mafungu yako mawili hayaanzii pale unapodhani yanaanzia.

Sabneti (fungu la anwani) haianzi popote unapotaka. Inaanza kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wake bila kubaki kitu. Fungu la /27 lina anwani 32, kwa hiyo mianzo yake ni .0, .32, .64, .96 na kuendelea. Hakuna 192.168.10.16/27 duniani. Fungu la /26 lina 64, linaanza .0, .64, .128 au .192 tu, kwa hiyo .48/26 nayo haipo. Ukisahau ukubwa, chukua namba ya mwisho ya maski (namba inayoonyesha biti zipi ni za mtandao) uitoe kwenye 256: maski 255.255.255.224 ni 256 − 224 = 32.

Kwa nini iko hivyo? Kifaa hakisomi orodha yako ya "kuanzia hapa hadi pale". Kinachukua anwani, kinafunika biti 27 za mwanzo kwa maski, na kinachobaki ndiyo jina la mtandao. Namba 17 kwa biti ni 00010001. Maski ya /27 inabakiza biti tatu za mbele, 000, kwa hiyo mtandao ni .0. Fungua IP > Addresses kwenye Winbox (programu ya kusimamia MikroTik) uangalie safu ya Network kwenye ile 192.168.10.17/27. Utaona imeandikwa 192.168.10.0, na kwenye .49/26 pia utaona 192.168.10.0. Ruta ilikuwa inakuonyesha siku zote.

Kwa hiyo ruta yako inachoona ni hiki:

ether2: .0 hadi .15
ether3: .0 hadi .31
ether4: .0 hadi .63

Mitandao mitatu imelaliana. Ruta ikiwa na njia zaidi ya moja kwenda anwani moja, inachagua ile yenye maski ndefu zaidi. Sasa fuatilia dalili zako moja moja.

Kompyuta ya ofisi .25: iko ndani ya /27, majibu yanarudi ether3, intaneti ipo. Kompyuta ya ofisi .35: hata ikifanikiwa kusukuma pakiti hadi kwenye lango, jibu likirudi ruta inaona .35 iko ndani ya .0/26, inalipeleka ether4, maabara, ambako hakuna mwenye anwani hiyo. Kompyuta ya maabara .70 hali yake ni mbaya zaidi: haimo kwenye mtandao wowote wa ndani, kwa hiyo ruta inalitupa jibu kwenye njia ya kwenda nje, kwa mtoa huduma, likapotelee huko. Ndiyo maana kubadilisha kebo kusingesaidia lolote.

.31 ni anwani ya matangazo (ya kufikia vifaa vyote vya mtandao kwa pamoja) ya .0/27, na .32 ni jina la mtandao unaofuata. .63 na .64 ni hivyohivyo kwa /26. Windows ilikuwa sahihi kuzikataa.

Kamera kutofunguka kutoka ofisini: kompyuta .20 yenye maski ya /27 inaamini kamera .5 ni jirani yake wa swichi moja. Haipiti kwa ruta kabisa. Inaita "nani ana .5?" kwenye swichi ya ofisi na hakuna anayeitika.

Kinasa: /28 ina anwani 16, toa jina la mtandao na anwani ya matangazo, zinabaki 14. Una kamera 13, kinasa 1 na lango 1, jumla 15. Lango ni kifaa, nalo lihesabiwe. Hapo panda hadi /27.

Mpangilio sahihi ndani ya /24 uleule, ukianza na kundi kubwa:

Maabara: 192.168.10.0/26, lango .1, vifaa .2–.62, matangazo .63
Ofisi: 192.168.10.64/27, lango .65, vifaa .66–.94, matangazo .95
Kamera: 192.168.10.96/27, lango .97, vifaa .98–.126, matangazo .127

Ukianza na kubwa kushuka kwenda ndogo, kila mwanzo unaangukia kwenye mpaka wake wenyewe. Ukianza na ndogo unalazimika kuruka nafasi. Nusu ya pili, 192.168.10.128/25, imebaki wazi.

mwanaswichi alijibu:

Uchambuzi wa PortiYaNne ni sahihi kabisa, ila mimi nisingebaki kwenye /24 hiyo. Nusu iliyobaki ina anwani 126 tu na simu ni 300. Na ofisi ikiongeza printa tano, /27 yake imejaa.

Anwani za ndani hazilipiwi. RFC 1918 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 1996 ilitenga 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 zitumike bure ndani ya taasisi. Kubana namba kuna maana kwenye anwani za umma, na /30 ina maana kwenye kiungo cha ruta mbili. Kwa chuo, mpe kila kundi /24 yake na namba ya tatu ifanane na namba ya VLAN (mtandao unaotenganishwa ndani ya swichi moja):

VLAN 10 maabara: 10.20.10.0/24
VLAN 20 ofisi: 10.20.20.0/24
VLAN 30 kamera: 10.20.30.0/24
VLAN 40 Wi-Fi ya wanafunzi: 10.20.40.0/23

Fundi yeyote akiona 10.20.30.14 anajua ni kamera bila kufungua daftari. Ile /23 ina anwani 510 na inachukua 10.20.40.0 hadi 10.20.41.255, kwa hiyo usiitumie 41 kwingine. Sheria ya mpaka ni ileile: /23 huanza kwenye namba shufwa, ungeandika 10.20.41.0/23 ungerudi kwenye tatizo la leo. Na ndani ya /23 hii, 10.20.40.255 ni anwani halali ya simu, usishangae ukiiona.

Epuka pia 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24. Modemu nyingi za watoa huduma hutoka kiwandani na namba hizo. Upande wa nje wa ruta ukiwa 192.168.1.x na ndani pia 192.168.1.x, ruta haijui pa kupeleka. Hata VPN ya mtu anayefanya kazi nyumbani itagongana nazo.

VLAN utazihitaji Wi-Fi ikija, kwa sababu vifaa vya kurushia Wi-Fi vitachomekwa kwenye swichi za ofisi na za maabara. Swichi hizo za kawaida hazitenganishi kitu. Ukiweka sabneti mbili kwenye swichi moja ya namna hiyo, matangazo yote yanachanganyika, na mtu akijiandikia anwani ya ofisi kwa mkono ameshaingia ofisini. Nunua swichi zinazokubali VLAN kwa sehemu hizo kwanza. Kamera zinaweza kubaki na swichi yao kwenye ether2.

PortiYaNne alijibu:

Nakubaliana, hasa kwa kuwa Wi-Fi inakuja. Kwa mfumo huo, mfano wa VLAN 10 kwenye MikroTik (hapa bridge1 ndiyo imebeba porti ya kwenda swichini):

/interface vlan add name=vlan10 vlan-id=10 interface=bridge1
/ip address add address=10.20.10.1/24 interface=vlan10
/ip pool add name=pool10 ranges=10.20.10.50-10.20.10.250
/ip dhcp-server add name=dhcp10 interface=vlan10 address-pool=pool10 lease-time=1d disabled=no
/ip dhcp-server network add address=10.20.10.0/24 gateway=10.20.10.1 dns-server=10.20.10.1

DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ikiwa ruta yenyewe, washa allow-remote-requests kwenye /ip dns, kisha hakikisha porti 53 imefungwa upande wa intaneti, la sivyo watu wa nje wataitumia ruta yako kushambulia wengine.

Acha kuandika anwani kwa mkono kwenye kompyuta 75. Chini ya .50 weka vya kudumu tu: printa, kinasa, seva. Printa ni bora uifungie anwani kwenye DHCP kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa), ikihama ofisi huna haja ya kugusa vibonye vyake. Usifanye hivyo kwa simu: Android kuanzia toleo la 10 na iOS kuanzia 14 hutumia MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Muda wa kushika anwani kwenye VLAN 40 uwe saa 2, si siku nzima, maana simu za asubuhi zitashikilia namba hadi jioni huku wenyewe wameshaondoka.

mwanaswichi alijibu:

Ongeza faiawali (sheria za kuruhusu au kuzuia mawasiliano), watu wengi huishia njiani hapa. Ruta inaunganisha VLAN zote bila kuombwa, hiyo ndiyo kazi yake. Mwanafunzi wa VLAN 40 ataifungua kamera hadi umkataze:

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=vlan40 out-interface-list=!WAN action=drop

Iweke baada ya sheria ya established na related (inayoruhusu mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa), na porti ya nje iwe imo kwenye orodha ya WAN (upande wa intaneti). Lakini sheria hiyo inazuia kinachopita tu. Mwanafunzi bado anaweza kuigonga ruta yenyewe kwa 10.20.20.1 kwenye porti 8291 ya Winbox. Kwenye chain=input (mawasiliano yanayoelekea kwenye ruta yenyewe) ruhusu VLAN 40 itumie DNS na DHCP pekee, yaani porti 53 na UDP 67, mengine yote ikatae.

ChuoNet aliandika:

Nimeangalia safu ya Network, kweli zote tatu zinasoma 192.168.10.0. Nahamia 10.20. Je, lazima nizime chuo kizima siku ya kuhamisha?

PortiYaNne alijibu:

Hapana. Porti moja inaweza kubeba anwani mbili, na 10.20 haigongani na ya zamani. Kwenye ether4 ongeza 10.20.10.1/24, washa DHCP hapo hapo (VLAN zitafuata swichi mpya zikifika), kisha geuza kompyuta moja moja kuwa "Obtain an IP address automatically". Angalia kwa ipconfig: ukiona 169.254 chochote, DHCP haijaifikia, anza na kebo na porti. Ikipata 10.20.10.x, ping 10.20.10.1, kisha ping 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Ikikwama kwenye hatua ya tatu tu, ni DNS. Ikikwama kwenye ya pili, angalia sheria ya masquerade (inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje) isiwe imeandikiwa src-address=192.168.10.0/24 peke yake.

Malizia maabara, nenda ofisi. Kamera ziwe za mwisho, na anza na kamera kabla ya kinasa: badilisha anwani ya kila kamera, halafu ndani ya kinasa uisajili upya kwa anwani mpya. Kinasa kikitangulia, unaweza kupoteza picha zote kwa pamoja. Anwani za zamani zifute kwenye ruta pale tu /ip arp (orodha ya vifaa ambavyo ruta inaviona) itakapokuwa haina tena hata 192.168.10 moja.