Taa ya barabarani kuwa kumbukumbu ya mwanafalsafa: heshima au dhihaka?

Mtoa mada: Wakuu, Frankfurt, Ujerumani kuna taa ya kuvukia waenda kwa miguu mtaa wa Senckenberganlage, pale Taasisi ya Utafiti wa Jamii, wanaiita taa ya Adorno. Huyo Adorno ni mwanafalsafa wa Kijerumani, alikuwa profesa hapo, 1962 akaandika barua kwenye gazeti la FAZ kwamba magari yatamaliza watu, wekeni taa. Kafa 1969, taa imewekwa 1987! Mimi naona dhihaka hii.

Chizi Maarifa: Hao wanafalsafa kazi yao kukaa tu na kulalamika, hata taa wamebahatisha.

Mama Ubungo: Kukaa tu?? Huyo kakimbia Wanazi, karudi 1949 kafundisha mpaka mwisho, wewe umefundisha nani? Na sio taa tu, 2003 alipotimiza miaka 100 tangu azaliwe wakamuwekea meza yake ya kazi ndani ya boksi la kioo.

Chizi Maarifa: Si ndo huyohuyo wanafunzi wake walipoingia kwenye taasisi wakaitiwa polisi? 1969 kama sikosei. Mtetezi wa wanyonge my foot.

Mjomba wa Ughaibuni: Nipo Frankfurt, hapo napita sana. Ni taa ya kawaida, unabonyeza kitufe unasubiri kimtu cha kijani. Na huku watu WANASUBIRI, sio nyie huko Bongo taa nyekundu mmeifanya pambo.

Kisiki: "Nyie huko" ndo nini mjomba, we umezaliwa Frankfurt? Hapa taa kijani, trafiki kakunyooshea mkono simama, ye mwenyewe yuko bize na simu, nimtii nani?

Mama Ubungo: Halafu bodaboda anapita katikati yenu wote wawili.

Mjomba wa Ughaibuni: Nimesema ukweli mmenuna.

Kisiki: Ukweli gani, hao wastaarabu wako kuweka taa moja wametumia miaka 25. Huku mtoto akigongwa, wananchi wanapanga mawe na magogo barabarani, haipiti gari mpaka matuta yawekwe. Profesa angepanga mawe angevuka salama 1962 hiyohiyo.

Chizi Maarifa: Kupanga mawe ndo kile wanafunzi walichofanya akawaitia polisi 😂

Mama Ubungo: Taasisi na barabara wapi na wapi, acha kuchanganya madawa.

Mtoa mada: Sasa mbona hamjajibu, heshima au dhihaka?

Kisiki: Mjomba, hicho kitufe kinafanya kazi kweli au geresha?