Mteja kapokea mzigo, miezi saba hajalipa, sasa anasema ulikuwa mbovu. Niende mahakamani?

Fundi_Maboksi
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kwa waliowahi kupita huku. Mi natengeneza vifungashio, maboksi na vibandiko, kuna kampuni nimeifanyia kazi miaka mitatu bila shida. Oda ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote, nikachukua mkopo nikanunua malighafi, nikapeleka mzigo wote, mtu wa stoo akasaini kapokea, wakalipa theluthi moja alafu kimya. Miezi saba sasa. Mhasibu anasema bosi kasafiri, bosi akipatikana anasema wiki ijayo. Juzi nimemwambia naenda kwa wakili ndo kwa mara ya kwanza nasikia eti maboksi yalikuwa laini yakaharibu bidhaa zao, na wao ndo wananidai mimi! Miezi yote hiyo hawajaandika hata mstari mmoja wa malalamiko. Nina mkataba wa mwaka wa kwanza, invoisi, karatasi za kupokelea mzigo na meseji kibao za WhatsApp bosi anaahidi kulipa. Benki wananibana na nina vijana wanategemea hii kazi. Nifungue kesi? Na wao wakinidai itakuwaje?

Karani_Mstaafu
Pole sana ndugu yangu. Kwanza hizo meseji usizifute, na simu yenyewe itunze hata ukinunua nyingine. Picha ya skrini peke yake upande wa pili wanaweza kusema umeichezea, kwahiyo hamisha mazungumzo yote kama yalivyo na tarehe zake, hata yale yasiyokupendeza.

Mtu anayesema "nitakulipa mwisho wa mwezi" bila kutaja ubovu amekiri deni. Nchi nyingi kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu ya deni kunafanya muda wa kufungua kesi uhesabiwe upya, lakini usijibweteke kwa hilo, ukomo wa muda unatofautiana, Uingereza kwa mfano madai ya mkataba wa kawaida ni miaka 6, kwingine ni pungufu, na ukipita hata uwe na haki vipi kesi inatupwa.

Hayo ya kukudai wewe yanaitwa madai kinzani, kwa kawaida yanasikilizwa humo humo kwenye kesi yako. Ila jukumu la kuthibitisha ubovu linakuwa lao. Jaji atawauliza mlikagua lini, mlimwambia lini, hayo maboksi mabovu yako wapi. Hata ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 wa mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi unasema mnunuzi asipotoa taarifa ya kasoro ndani ya muda unaofaa anapoteza haki ya kuitegemea kasoro hiyo. Wako si mauzo ya nje lakini fikra ni ile ile.

Vipuri_na_Zaidi
Mkuu mi naongea kwa machungu. Mi nilishinda kesi, hukumu ninayo kabatini, hela sijaiona. Miaka minne ya kuahirishwa, naacha duka naenda kukaa kwenye benchi, siku ya hukumu nikalia kwa furaha kabisa, kumbe kazi ndo inaanza, hukumu lazima ukaikaze wewe mwenyewe, yaani ufuatilie hadi itekelezwe. Tukafuatilia akaunti tukakuta imekaushwa, magari yamehamishiwa kampuni nyingine ya mtu yule yule. Nyumba ya bosi sikuweza kuigusa maana kampuni ni mtu mbali na mwenye kampuni ni mtu mbali, hilo House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, ilishaliamua tangu 1896 kwenye kesi ya Salomon na mahakama nyingi duniani zinalifuata.

Kwahiyo kabla hujalipa ada ya kesi jiulize huyu mtu ana nini cha kukamatwa. Ukiona anaanza kuhamisha mali mwambie wakili aombe zuio MAPEMA, hukumu ikishatoka utakuwa umechelewa. Lipo la kuzuia mdaiwa asitoe mali zake, Uingereza lilianza 1975 likaitwa Mareva na nchi nyingi zikalichukua. Halitolewi kirahisi, lazima uonyeshe kweli anaficha mali, na unaahidi mahakama kwamba ukionekana hukustahili utamlipa hasara yake.

Kingine, kesi yangu ya kwanza ilitupwa kabla ya kusikilizwa sababu nilishtaki jina la kwenye kibao cha dukani badala ya jina lililosajiliwa. Mwaka mzima ulienda hapo.

Wakili_Kijana
Nakubaliana na waliotangulia ila hakuna aliyeuliza hili: fungua kurasa za mwisho za mkataba wako, kuna kifungu kinasema migogoro itaamuliwa wapi?

Fundi_Maboksi
Asante sana wote, kaka Vipuri pole sana. Wakili, nimeangalia, kipo kweli, mgogoro wowote "utaamuliwa na msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote". Sikuwahi kukisoma vizuri.

Wakili_Kijana
Basi hapo ukikimbilia mahakamani wao wataomba kesi isimamishwe mwende kwa msuluhishi, na sehemu nyingi mahakama itakubali. Usichanganye na upatanishi lakini, mpatanishi anawasaidia mkubaliane tu, msuluhishi anatoa uamuzi unaowafunga. Uamuzi wake ni mgumu kukatiwa rufaa, na kama mali za mdaiwa ziko nje ya nchi unakazika kwa Mkataba wa New York wa 1958 ambao una nchi zaidi ya 170. Ubaya wake msuluhishi mnamlipa nyie.

Ila anza na notisi ya madai: kiasi, tarehe, nakala za invoisi, siku 14 za kulipa. Ukitaka kuwapa punguzo iwe barua tofauti, juu iandikwe wazi kwamba ni mazungumzo ya maelewano na haiathiri haki zako, isije ikasomwa kwamba na wewe unakubali mzigo ulikuwa mbovu.

Karani_Mstaafu
Mimi ningewaita kwenye upatanishi kwanza. Miaka mitatu ya kufanya kazi pamoja si kitu cha kutupa.

Vipuri_na_Zaidi
Mzee kwa heshima, mtu kakaa kimya miezi saba alafu anazua ubovu siku anasikia neno wakili, huyo anatafuta muda tu. Upatanishi sawa ila uwe na tarehe ya mwisho.

Fundi_Maboksi
Wakuu kuna kitu kimenishtua. Nimeweka mkataba na invoisi pamoja, majina ya kampuni hayafanani! Mwaka jana mhasibu aliniambia nibadilishe jina kwenye invoisi nami nikabadilisha bila kuuliza.

Wakili_Kijana
Notisi usiitume kwanza. Kapekue kwa msajili wa makampuni uone kama ni kampuni mbili au moja iliyobadili jina, maana kama ni mbili hicho kifungu cha usuluhishi huenda kisimguse huyu uliyempelekea mzigo. Angalia muhuri kwenye karatasi ya kupokelea ni wa nani, na taarifa ya benki itakuonyesha ile theluthi ilitoka akaunti ya nani. Ukishapata hivyo rudi hapa au nenda navyo kwa wakili.