Naomba ushauri: ghuba ya Chole, Mafia, niende bamvua au maji mafu?

Wakuu, habari zenu. Nataka kuwapeleka wanangu wawili kisiwani Mafia kuona ghuba ya Chole, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kinachonichanganya ni maji. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Hapo mikoko, nyasi bahari na mchanga hubaki wazi, na watoto wangeona kaa, majongoo bahari na ndege wanaodonoa matopeni. Lakini bamvua hiyo hiyo huleta mkondo mkali kwenye mlango wa Kinasi, yaani njia ya maji kati ya ghuba na bahari kuu, na nasikia maji huchafuka. Kwa kuogelea kwenye matumbawe, naona maji mafu, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu, ni salama zaidi.

Wenyeji mnasemaje? Je, kutoka kisiwa cha Chole hadi kisiwa cha Juani watoto wanaweza kuvuka kwa miguu maji yakitoka? Kasa wadogo wa Juani nao, mwezi gani ni wa uhakika? (Papa potwe tumwache, yuko upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba.) Mkubwa ana miaka kumi, mdogo haogelei bado.